Sheria Ikishuka Kibirizi

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazoligawana ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mwaka 2025 lilifungwa tena kwa tarehe zilezile. Katazo lenyewe ukilisoma hukuti upendeleo ndani yake. Halikusema tajiri avue na maskini apumzike. Kila chombo kilitakiwa kipandishwe ufukweni, awe mwenyewe ana boti tano za injini au ana mtumbwi mmoja wa kuazima.

Sasa shuka Kibirizi, au Katonga, kwenye mialo ya Kigoma, ufikirie katazo hilo moja linavyogawanyika likifika mchangani. Mwenye vyombo aliye na akiba anaitumia miezi hiyo kushona nyavu na kubadilisha mbao zilizooza. Mwenye dagaa wakavu ghalani hana sababu ya kuhuzunika, maana bidhaa ikiadimika bei hupanda. Mvuvi anayepanda chombo cha mwenzake yeye halipwi mshahara. Analipwa kwa mgao, baada ya mafuta na gharama za taa kutolewa, na pasipo samaki hakuna cha kugawana. Wavuvi wa dagaa wamezoea kungoja, kwani kila mwezi mbalamwezi inapong'aa taa hazivuti samaki, na kazi husimama siku kadhaa hadi giza lirudi. Lakini kungoja giza na kungoja Agosti ni mambo mawili.

Halafu kuna wanawake. Hao hununua dagaa wabichi alfajiri kwa beseni, huwaanika, huwageuza, huwachambua mchanga, huwakimbiza ndani mvua ikitishia, kisha huwauza kwa wachuuzi wanaowapeleka Dar es Salaam au ng'ambo, Kongo. Wengi wanaendesha biashara hiyo kwa mkopo, wa VICOBA, vikundi vya kukopeshana, kama wana bahati, wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, kama hawana. Ziwa likifungwa, marejesho hayafungwi. Na kwenye leseni ya chombo jina lililoandikwa ni la mwenye chombo. La mwanika dagaa halimo, kwa hiyo hata likija shauri la nani asikilizwe au nani afidiwe, yeye si mhusika kwenye karatasi yoyote.

Sisemi kufunga ziwa ni kosa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina, na wanasayansi wameonyesha tangu mwanzoni mwa karne hii kwamba maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki hupungua. Ongeza kokoro na nyavu za macho madogo, na mtu yeyote anayependa migebuka ataona kwamba bila katazo lolote wajukuu watakuta maji matupu. Hoja yangu ni kwamba katazo lililoandikwa kwa usawa kamili linaweza kubebwa kwa namna isiyo na usawa hata kidogo, na pengo hilo, kati ya kinachoandikwa na kinachobebwa, ndilo jambo ambalo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria anapaswa kufundishwa kulitazama. Kigoma ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Kwa kawaida hafundishwi hivyo mapema. Anaanza na vyanzo vya sheria, mfumo wa mahakama, mikataba, jinai. Anakariri vifungu na majina ya kesi, na anazoea kuuliza sheria inasema nini. Swali la pili, kwamba sheria hiyo inamfanya nini mtu fulani mahali fulani, huachiwa somo la kuchagua la miaka ya mwisho, au huachiwa wenzake wa sosholojia.

Haikuwa hivyo daima. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu kilichokuwa kikizaliwa. Wanafunzi wake hawakufika 20. Nchi ilihitaji mawakili na mahakimu wake yenyewe, basi. Lakini kufikia mwisho wa muongo huo walimu na wanafunzi wa chuo hicho, Mlimani, walikuwa wakibishana juu ya jambo kubwa zaidi: sheria walizorithi kwa Mwingereza ziliandikwa kwa faida ya nani, na zikibaki vitabuni baada ya bendera kubadilika zitaendelea kumfaidisha nani. Issa Shivji alisoma hapo miaka hiyo, akafundisha hapo, na mwaka 1986 akatoa kitabu chake juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania. Ningekuwa na uwezo ningekiweka mkononi mwa kila kijana wa Kigoma anayeingia kitivo cha sheria, kwa sababu historia ya sheria za kazi za ukoloni ni historia ya babu zao.

Babu hao walikuwa manamba, vibarua wa mkataba mashambani. Mkonge wa Tanga na Morogoro ulitaka watu wengi, na Kasulu na Kibondo zilikuwa na watu wengi. Reli ya Kati ilikwisha kufika Kigoma tangu 1914. Kilichobaki ilikuwa kumfanya mkulima mwenye shamba lake, mtama wake na ng'ombe wake aone sababu ya kupanda treni kwenda kukata majani ya mwiba zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Sababu hiyo ilitungwa kwa sheria. Mwaka 1922 ikaja sheria ya kodi ya nyumba na kichwa, na kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mwaka 1923 ikaja sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji, iliyofanya kutoroka kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Kwenye mashamba, kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku ambayo hukumaliza jukumu ulilopewa haikuandikwa, na mshahara ulingoja kipande kijae siku 30 za kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na magari yake yakawa jambo la kawaida kuonekana Buha, nchi ya Waha.

Hakuna kifungu kati ya hivyo vyote kilichosema Waha wawe maskini. Kodi ilitozwa Uchagani pia, na Buhaya pia. Ila Mchaga na Mhaya walikuwa na kahawa ya kuuza, wakalipa kodi wakiwa kwao. Muha wa Kibondo mara nyingi hakuwa na cha kuuza isipokuwa mikono yake. Sheria ileile ilipopita juu ya watu wenye mazao ya biashara iliwaacha wakulima, na ilipopita juu ya wasio nayo iliwageuza vibarua. Mtu anayeandika mtihani wa historia ya sheria atasema kodi ilikuwa moja nchi nzima, na atapata alama zake. Atakuwa amekosa kila kitu.

Haki itendeke hapa pia, sheria haikuyafanya haya peke yake. Malale na ndorobo vilihamisha vijiji na kuua mifugo, na vita ya 1914 hadi 1918 ilipita hapa kwa jeshi la Kijerumani kisha la Kibelgiji. Lakini mabonde yaliyoachwa bila wanaume, mashamba yaliyobaki kwa wanawake na wazee, na usafiri uliojengwa kwa ajili ya kutoa watu kuliko kuingiza bidhaa, hayo yana sahihi za watunga sheria. Kigoma imeendelea kutajwa miongoni mwa mikoa maskini ya nchi, na lami ya kuiunganisha na mikoa jirani imechukua zaidi ya miaka 50 ya uhuru. Watu wa mikoa mingine hupenda kulieleza hilo kwa tabia za Waha. Mwanafunzi aliyesoma sheria za kazi hana ruhusa ya kutoa maelezo rahisi hivyo.

Kuna sheria nyingine ya zama hizo ambayo haizungumzwi sana, na kwangu ndiyo ya kufikirisha kuliko zote. Ni ya kuandikisha vizazi na vifo, ya mwaka 1920. Ilifanya kuandikisha mtoto kuwa lazima iwapo mzazi mmoja au wote wawili wana asili ya Ulaya, Amerika au Asia. Mwafrika hakulazimishwa. Ilibaki hivyo vitabuni miaka mingi baada ya uhuru, ikipanuliwa kwa maeneo kadri serikali ilivyoamua. Wakati inatungwa pengine iliitwa hisani, kwamba mwenyeji asisumbuliwe na makaratasi. Mtoto aliyezaliwa Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe, kijiji kinachofikika kwa boti, alizaliwa, akapewa jina, akatahiriwa au akabatizwa, akalima, akavua, akazikwa, na dola haikuwa na habari naye ila siku ya kodi.

Mjukuu wake sasa anataka pasipoti. Fomu inaomba cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo badala yake. Cheti hakipo, kwa sababu ambayo sheria yenyewe ndiyo iliyoitengeneza. Hivyo anaanza safari ya karatasi: barua ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, muhuri wa mtendaji wa kata, kiapo mbele ya hakimu au wakili, ada, nauli ya boti, siku za kulala mjini kwa shemeji. Anafika dirishani. Anaulizwa baba amezaliwa wapi, babu amezaliwa wapi, ukoo unatoka upande gani. Anaombwa aongee Kiha. Kiha na Kirundi zinasikilizana, kila mtu hapa anajua, na kwa hiyo ufasaha wake wenyewe unaweza kumtia mashakani. Kijana wa Iringa mwenye kiapo kilekile, wino uleule, mara nyingi anaambiwa arudi kuchukua kitabu chake.

Malalamiko haya si ya vijiweni tu. Wabunge wa Kigoma wameyapeleka bungeni mara nyingi, kuhusu pasipoti na kuhusu vitambulisho vya Taifa pia. Na tangu laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, uzito umezidi. Asiye na namba hana laini kwa jina lake, asiye na laini hapokei pesa kwa simu, na mama wa dagaa asiyepokea pesa kwa simu anauza kwa anayekuja na fedha mkononi, kwa bei ya huyo aliyekuja. Sheria ya utambulisho imeingia kwenye bei ya beseni bila kutaja dagaa popote.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yenyewe, mwanafunzi akiifungua, itamshangaza. Kifungu cha 5 kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa adui aliyevamia nchi. Kwa maneno yalivyo, kuzaliwa ndani ya nchi kungetosha. Ofisini inasomwa vingine: lazima mzazi mmoja awe raia. Usomaji huo una hoja zake, na watetezi wake watakuambia kwamba nchi yenye mpaka kama huu, iliyopokea Warundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, haiwezi kugawa uraia kwa kila kilio cha mtoto mchanga. Ni hoja nzito. Nikiwa mwalimu nisingemruhusu mwanafunzi aipuuze. Ningemtaka tu atenganishe mambo mawili ambayo dirishani yamechanganywa: nani ni raia, na nani anatakiwa kuthibitisha. La kwanza limo kwenye Sheria ya Uraia. La pili, kwa sehemu kubwa, linaamuliwa na mtu aliyekaa upande wa ndani wa dirisha, kwa jicho, kwa jina, kwa lafudhi.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ina kanuni anayoijua kila mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwamba anayedai jambo ndiye alithibitishe. Ikitumika kwenye deni la shilingi 100,000 inaonekana haki tupu. Ikitumika kwa mtu ambaye babu yake dola haikumwandikisha, inamtaka alete karatasi ambayo dola yenyewe haikuitoa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iligusa jambo hili tarehe 22 Machi 2018 katika kesi ya Anudo dhidi ya Tanzania. Mlalamikaji alikuwa na pasipoti na cheti cha kuzaliwa, alikwenda polisi Babati kwa taratibu za ndoa yake, pasipoti ikashikiliwa, na mwishowe akafukuzwa nchini, akakwama kati ya mipaka ya Tanzania na Kenya kwa kuwa Kenya nayo ilimkataa. Mahakama ilisema: mtu akiwa na hati zilizotolewa na serikali, na serikali ikasema hati hizo si kweli, basi serikali ndiyo ithibitishe. Mzigo ukahama bega. Mwaka uliofuata, Novemba 2019, Tanzania ilijiondoa kwenye tamko linaloruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Ujiji, mji mkongwe jirani na Kigoma, inafanya mambo yawe magumu zaidi, na matamu zaidi kwa msomi. Wamanyema wa Ujiji mababu zao walivuka kutoka ng'ambo ya magharibi, wengine kwa hiari na biashara, wengine wakiwa watumwa wa misafara. Walifika kabla hakujawa na mpaka. Mpaka uliochorwa Ulaya ulipita katikati ya maji na kuwakuta wameshajenga. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, mwaka uleule wa sheria ya kodi niliyoitaja juu. Mtu alifunguliwa kamba moja akafungwa nyingine nyepesi zaidi. Leo mtu wa Ujiji kuulizwa babu yake alizaliwa wapi ni kuombwa atoe jibu la kisasa kwa swali ambalo wakati huo halikuwa na maana.

Wakimbizi nitawapitia haraka, ingawa wanastahili makala yao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakae maeneo waliyopangiwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, maana yake kuna watu wazima waliozaliwa ndani yake. Mkimbizi anayetoka kwa kificho kwenda kulima kwa Muha jirani analipwa kidogo, na hawezi kushtaki hata akidhulumiwa, kwa kuwa kushtaki ni kukiri kwamba ametoka. Anayemwajiri anafaidi. Kibarua Mtanzania wa kijiji hichohicho, anayeshindania jembe lilelile, anapunjwa pamoja naye, na wala sheria hiyo haimhusu.

Yanayosemwa hapa yasimfanye msomaji aone sheria ni nyundo tu. Bandari ya Kigoma ina kisa kinachoelekea upande mwingine. Wabelgiji waliishika Kigoma tangu 1916, na walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921 walijiwekea masharti: kwa mkataba wa tarehe 15 Machi mwaka huo, Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, milele. Walioandikiana si wenye ardhi hata mmoja. Uhuru ulipokuja Nyerere na serikali yake walikataa kufungwa na makubaliano hayo, kwa hoja ya kisheria hasa: Uingereza ilikuwa msimamizi kwa dhamana, na msimamizi hawezi kugawa mali ya mwenyewe kwa muda unaozidi dhamana yake. Sambamba na hilo Tanganyika ilitangaza kwamba mikataba ya nchi mbilimbili iliyorithiwa ingeendelea kwa miaka miwili tu tangu tarehe 9 Desemba 1961, ipitiwe, na isiyohuishwa ife. Msimamo huo unasomwa vyuoni duniani kote kwa jina la Nyerere. Wanafunzi wa Kigoma wanapita karibu na bandari hiyo wakienda kupanda boti, na sijui ni wangapi wamewahi kuambiwa.

Lakini iliyoikataa Belbase ilikuwa dola, nayo ina wanasheria wake. Mjane hana. Nimalizie na yeye, kwa kuwa mirathi ndiyo sehemu ambapo mwanafunzi anaweza kuliona pengo la kilichoandikwa na kinachobebwa kwa tarakimu.

Mchukue mwanamke aliyefiwa na mume Mwanga, mjini Kigoma, ana watoto, kuna nyumba na michikichi kidogo. Je, anarithi nini? Inategemea ni sheria ipi. Kwa sheria za kimila zilizoandikwa na kutangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali namba 436, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Kwa sheria ya Kiislamu, akiwa na watoto, anapata thumni. Kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika Tanzania, anapata theluthi. Mwanamke mmoja, nyumba moja, msiba mmoja: sifuri, thumni, theluthi.

Nani anachagua? Vitabu vinajibu kwamba mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi, na kesi inayotajwa ni ya mirathi ya Innocent Mbilinyi ya mwaka 1969, ambapo Mngoni aliyeishi Dar es Salaam na kuacha desturi za kwao hakurithiwa kwa mila. Jibu hilo ni sahihi na halitoshi. Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu, yenye ada ndogo, inayoendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, kwa miaka mingi imekuwa na mamlaka juu ya mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Aliyetaka theluthi yake ya 1865 ilibidi apande juu zaidi, wilayani au Mahakama Kuu, ambako miaka yote hiyo karatasi zilikuwa za Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama zote, na kabla Mahakama Kuu haijawa na jengo Kigoma mashauri ya ngazi hiyo yalikwenda Tabora. Hivyo mjane Mkristo wa Kasulu aliyefungua shauri Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ndiko nauli ilikotosha, ameshachagua sifuri bila mtu yeyote kumwambia kwamba kulikuwa na kuchagua. Katiba inamlinda dhidi ya ubaguzi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa ya ardhi. Anayo yote hayo mkononi, ila anayo kwenye mahakama ambayo hakuifikia.

Utafiti wa shahada ya kwanza hauhitaji makubwa kulichunguza hili. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria anayeishi Ujiji, au wa Dar es Salaam aliyerudi likizo, achukue barua ya chuo, apite kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha aombe mahakamani ruhusa ya kusoma majalada ya mirathi ya Mahakama ya Mwanzo moja kwa miaka kumi. Asianze na hukumu, maana nyingi ni fupi na zinafanana. Ndani ya karibu kila jalada kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopendekeza msimamizi wa mirathi, umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Aanze hapo. Aandike kikao kilifanyika kwa nani, siku ngapi baada ya maziko, waliohudhuria ni wangapi upande wa mume na wangapi upande wa mke, nani alipendekezwa. Aangalie kama mjane ameorodheshwa kati ya wajumbe au kati ya mali na wategemezi. Kisha alinganishe na mgawanyo ulioletwa mahakamani mwisho wa shauri, kama uliletwa. Majalada mengine yataonyesha msimamizi hakurudi kabisa kutoa hesabu, na hilo nalo aliandike, pamoja na mwaka.